Mpeni Msukuma Mbuzi

Mazungumzo na walimu, wauguzi na maofisa ugani wa ajira mpya, Bagamoyo

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na wale wa kwetu, mwangaluka. Nimesikia sauti tatu kule nyuma, basi siko peke yangu.

Kwenye ratiba yenu mada yangu imeandikwa "Kuishi vizuri na jamii", na imebanwa katikati ya kanuni za likizo na chai ya saa nne. Najua nimesimama baina yenu na chapati. Habari za maadili ya mtumishi wa umma mmeshazisikia tangu jana mpaka mnasinzia, mie sizigusi. Nitawapa habari ya chumvi.

Nilikuja hapa Januari 1994, mwalimu wa Daraja la Tatu A, umri miaka 23, natokea Maswa. Wakati huo Maswa iko Shinyanga, mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Nilipanda treni Shinyanga, nikashuka Dar es Salaam, nikapanda basi la Bagamoyo. Zile kilomita 70 ambazo leo mnazimaliza mkichezea simu, siku ile zilikuwa vumbi na mashimo, tukafika giza limeshaingia. Mama alikuwa amenipa vitu vitatu: blanketi, mfuko wa matobolwa, na wosia. Wosia wenyewe ulikuwa huu: ugenini usiwe mtu wa kuombaomba, watakudharau.

Msiojua matobolwa, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa mpaka vikakauka kau. Yawekeni akilini, tutayarudia.

Nikapanga chumba Magomeni. Si Magomeni ya Dar, ya hapahapa. Siku ya tatu natoka shule jioni, napita mbele ya nyumba moja, wanawake na watoto wamezunguka sinia kibarazani. Wakaniita, "Mwalimu, karibu!" Sasa nyie wa kwetu mnajua. Kwa baba yangu wanaume walikula shikome, pale penye moto, na mpita njia yeyote aliyekaribishwa akapita bila kukaa, ataulizwa tuna ugomvi gani na wewe. Nikavua viatu, nikanawa, nikakaa. Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilikula, jamani. Hakuna aliyesema neno. Wakanisogezea na mnofu wa shavuni, wakaniambia kula mwalimu, kula.

Wiki mbili baadaye mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa hapa, akanivuta pembeni mwa ofisi. Akaniuliza taratibu, "Dada, kwani wewe hujui kusema starehe?"

Naona wengine mnacheka na wengine mmekodoa macho. Mliokodoa macho ndio nazungumza nanyi. Karibu ya mtu anayekula ni salamu. Jibu lake ni "Ahsante, starehe", unaweka mkono kifuani, miguu inaendelea na safari. Unamwambia asisumbuke, abaki kwenye raha yake. Hakudanganya alipokukaribisha, la hasha, ungekaa angekulisha, na mie nililishwa. Lakini mwendo wa hapa ni kwamba yeye anatoa heshima na wewe unamrudishia heshima, mmemalizana. Karibu ya kweli utaijua. Utaitwa mara ya pili na ya tatu, mtu atajisogeza kwenye mkeka pabaki nafasi, na kuna mtoto atanyanyuliwa akalete maji ya kunawa. Ukimwona mtoto ameinuka, kaa.

Ile aibu ilinikaa kooni. Nikafanya kosa la pili, na hili ndilo kubwa. Nikawa bingwa wa starehe. Naitwa chai, starehe. Naitwa kwenye unyago wa mtoto wa jirani, starehe. Mama mwenye nyumba ananiambia mwalimu njoo ukae huku uani kuna upepo, starehe mama. Nikachanganya hiyo na wosia wa Maswa, basi nikajifunga kamba mwenyewe. Kiberiti nanunua, jivu la kusugulia sufuria naliweka langu. Ndoo ya maji namlipa kijana, na senti yake haipungui. Jioni nafunga mlango nasahihisha madaftari, najisifu moyoni kwamba mwezi huu tena simdai mtu na sidaiwi.

Februari ikaingia Ramadhani. Magharibi ya kwanza, hodi. Mtoto wa nyumba ya mkabala kaleta bakuli limefunikwa kawa, ndani mihogo ya nazi na kipande cha nguru. Mie Mkristo, sikufunga, na wamenikumbuka. Nikala, nikaliosha bakuli kwa mchanga na sabuni mpaka likang'aa, nikalirudisha usiku uleule kwa shukrani nyingi. Yule mtoto akachungulia ndani ya bakuli, akanitazama, akaondoka. Kesho yake likaja tena, tambi za sukari. Nikaliosha likang'aa zaidi. Likaja mara ya tatu. Halafu basi. Mwezi mzima uliobaki sikuona bakuli, na Idi ikapita. Nikajiambia, watu wa pwani bwana, moto wa mabua. Tena nikayaandika kwenye barua kwa mama: wana maneno matamu lakini hawana urafiki.

Kuna mwalimu kijana wa hapa wilayani aliniambia maneno hayohayo mwezi uliopita, karibu neno kwa neno. Nikacheka mpaka akanuna.

Na sauti. Nimesahau sauti! Sisi tumekulia kwenye mbuga za pamba, mtu unamsalimia akiwa shamba la tatu. Hapa nyumba zimebanana, ukuta ni udongo na fito, ukimwita mtoto wako kwa sauti ya Maswa mtaa mzima unauliza nani kafa. Niliambiwa na mwenye duka, kwa upole kabisa, "Mwalimu, mbona unanigombeza?" Nami nimeomba sukari robo tu. Halafu nimeiomba bila kumuuliza hali yake, ya wazazi, ya biashara, ya tangu juzi. Kwa hiyo nimemgombeza, na sikumsalimu. Haya mtayajifunza kwa kupigwa, hayana semina.

Mwaka mzima nilikuwa "mwalimu yule wa bara". Jina langu lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio basi.

Sasa nifike kwenye mbuzi. Mwezi wa kumi na moja akafa mzee mmoja wa mtaa wetu. Kwetu msiba ni wa wote, hilo halikuhitaji mkalimani, nikajifunga kanga nikaenda. Wanaume mbele, wanawake uani. Uani kuna mafiga makubwa matatu, masufuria ya kupikia watu mia, moshi, na lundo la nazi kama mnara. Nikasimama kama nguzo. Kila mtu ana kazi yake na hakuna anayeelekezwa. Ndipo nikasikia sauti ya kikongwe, "Huyo mwalimu mbona kasimama? Mpeni mbuzi."

Ndugu zangu, nilitazama nyuma yangu. Nilidhani kuna mbuzi wa kuchinjwa nishike kamba. Nikasema, "Yuko wapi nimshike?"

(Kicheko.)

Mnacheka nyie, sembuse wale. Wakaniletea kile kiti cha kukunjwa chenye ulimi wa chuma mbele. Mbuzi ya kukunia nazi. Nilikuwa nimeiona, naam, lakini mwaka mzima mie napika kwa mafuta na karanga, sijawahi kuikalia. Nikakaa vibaya, kanga imebana, nikashika kifuu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika usukani. Siri ya mbuzi ni kuzungusha. Nazi inaanzia pembeni, inazunguka polepole, meno ya chuma yanakwangua nyama nyeupe peke yake, unaacha ile ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu. Mie nilikandamiza. Nilichimba katikati kama kisima, nikaenda mpaka kwenye kifuu, chicha zikatoka na vumbi la kahawia. Tui lilipokamuliwa kwenye kifumbu lilitoka rangi ya maji ya mto.

Yule kikongwe, sisi tulimwita Bibi wa Mkunguni kwa ajili ya mkungu uliokuwa mbele ya nyumba yake, akaja akachovya kidole. Nyumba yake ndiyo ile ya mkabala na kwangu, bakuli lilitoka kwake. Akauliza, "Tui gani hili, la Wadachi? Wewe kabila gani?"

"Msukuma, bibi."

Akapiga paja. "Kumbe ni Mnyamwezi!" Nikasema hapana, Msukuma. "Nyamaza, ni walewale! Mimi Mzaramo, wewe mtani wangu. Mwaka mzima unalala mbele ya mlango wangu mtani wangu hujaniambia, na bakuli langu unanirudishia tupu! Mara tatu! Nikasema huyu mtoto wa kike ama mchawi ama ana maringo, kumbe ni Mnyamwezi tu, hajui!" Uani pote vicheko, maiti iko ndani. Mjane mwenyewe nilimwona anafuta machozi huku kicheko kimemponyoka.

Nisimame hapo kidogo, kwa sababu wengine mmezaliwa mjini na utani mnaoujua ni wa Simba na Yanga.

Karne ya 19, kabla ya reli, njia kuu ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, ikaishia hapa Bagamoyo. Waliobeba mizigo, hasa pembe za ndovu, wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na Wasukuma tulihesabiwa humohumo, maana kwa mtu wa pwani kila aliyetoka kule alikuwa Mnyamwezi. Hata hilo jina letu tumepewa na jirani, kwa Kinyamwezi "sukuma" ni kaskazini. Pagazi alibeba kama frasila mbili, kilo 30 na ushee, kutoka Tabora hadi huku karibu miezi mitatu kwa miguu. Akifika hageuzi kesho yake. Anasubiri ujira, anasubiri mzigo wa kurudi nao, anasubiri mvua ipite. Hebu fikirini maelfu ya vijana wenye njaa wamepiga kambi pembeni mwa mashamba ya mihogo ya Wazaramo, msimu hadi msimu. Mihogo iling'olewa. Magomvi yalikuwepo, na mabinti walipendwa, na wagonjwa waliachwa kwa wenyeji wakauguzwa, na waliokufa walizikwa na watu wasiojua majina ya baba zao. Na mwakani watu ni walewale, njia ni ileile. Katika hali hiyo ndipo utani ulipokomaa. Mtani anaruhusiwa kukutukana na kukunyang'anya kofia, na hukasiriki. Na ukifa, mtani ana kazi yake msibani ambayo hata ndugu hawezi kuifanya.

Kwa hiyo mie nilikuwa nimeingia mjini na kitambulisho cha miaka zaidi ya 100, nimekiweka kabatini chini ya blanketi la mama.

Tulipomaliza kuosha masufuria Bibi akaniambia, "Kesho baada ya alasiri njoo kwangu uniombe chumvi."

Nikamwambia, "Bibi, chumvi ninayo."

Akasema, "Sikukuuliza kama unayo."

Nililala naligeuza hilo jibu. Kesho yake nikavuka njia, mtu mzima, mshahara nimepokea, paketi ya chumvi iko nyumbani haijafunguliwa, nikapiga hodi. Hodi ya kwanza kimya. Ya pili, "Nani?" Naye kaniona dirishani! Nikasema naomba chumvi. Akasema pita ndani, kaa, chumvi haitolewi mlangoni. Nikakaa mkekani. Akaniuliza habari za Maswa, mama yuko hai, ng'ombe wangapi, kwa nini sijaolewa. Wakaja wanawake wawili na ukili wao, wakaambiwa huyu mtani wangu kaishiwa chumvi. Wakanisikitikia. Wakanipa ukili nijaribu kusuka, nikaharibu. Adhana ya magharibi ikanikuta bado nimekaa, na chumvi nikapewa kwenye kipande cha gazeti, kijiko kimoja, cha kutosha yai.

Njiani narudi, hatua 20 tu, watu wanne waliniita kwa jina.

Nikaelewa kilichokuwa kinanitenga. Nilikuwa nimewanyima nafasi. Mtu usiyemwomba kitu, naye atakuombaje? Atakujaje kwako mtoto wake akiugua usiku, na wewe hata kiberiti hujawahi kumgongea? Niliona najitegemea, wao wakaona nimefunga mlango. Wosia wa mama haukuwa wa uongo, ulikuwa wa Maswa, kwa mtu ambaye ukoo wake mzima uko kwenye mlio wa sauti yake. Pale huombi kwa sababu umeshapewa kabla hujasema. Ugenini inabidi useme.

Wiki ile Bibi akaleta bakuli, kunde za nazi. Nikaliosha, nikalijaza matobolwa yaliyobaki na karanga juu, nikamrudishia. Baada ya nusu saa nasikia kelele kule. Bibi ana meno manne, ameuma tobolwa kavu! Akatoka barazani akatangaza kwamba Mnyamwezi kamletea kuni. Nikaenda kumwonyesha kwamba yanalowekwa kwanza, yanapikwa. Tukayapika na tui, safari hii tui jeupe, kakuna mjukuu wake. Nawaambieni, matobolwa kwa nazi Maswa hawajui walichokikosa.

Sasa nyie. Nimewatazama tangu wiki iliyopita. Ijumaa saa nane mko kituoni, basi la Makumbusho kule Dar, mnarudi Jumatatu alfajiri mmechoka. Jioni za katikati ya wiki mko kwenye grupu la wenzenu wa chuo mnaulizana nani kapangiwa wapi. Mchele unaletwa na bodaboda, gesi inaletwa na bodaboda, umeme mnanunua kwenye simu. Zamani angalau kisima kilitukutanisha. Halafu mnakaa walimu watano wa bara kwenye ngazi ya nyumba moja mnasema Waswahili hawana urafiki, Waswahili wanafiki, akikwambia inshallah ujue hapana. Sasa kama umeshajua kwamba inshallah ile imemaanisha hapana, unafiki uko wapi? Amekukatalia bila kukuvunja uso. Jifunze kuisikia. Inshallah yenye saa ndani yake, "inshallah baada ya isha", ni ndiyo.

Wanaume kazi yenu nyepesi, sitakaa hapo sana. Kuna kahawa, kuna bao, kuna mpira. Kaa barazani, nunua kikombe, mnunulie na wa pembeni, fungwa bao mara kumi bila kukasirika. Kama huna timu chagua leo kabla ya jua kuzama, mtu asiye Simba wala Yanga haaminiki nchi hii.

Nimeletewa kikaratasi hapa. "Mimi Mhaya, mtani wangu hapa ni nani?" Mwanangu, sidhani unaye wa tayari. Usijitwalie utani usio wako pia, nimeona kijana kamtania mzee asiye mtani wake akatafutwa na wajukuu. Wewe anza na chumvi.

Na nisiwadanganye. Mlango ukifunguka, umefunguka. Watajua mshahara umeingia lini, watajua nani kalala kwako. Nikiwa na mimba ya kwanza mtaa ulijua kabla ya baba yake. Kuna jirani nilimwazima fedha mwaka 2003 tukakosana, mpaka leo tunasalimiana kwa nyusi. Na miaka 30 hii, siku nikikosea jambo, bado yuko atakayesema "ndio watu wa bara". Wapo kati yenu ambao bei hiyo hawataitaka, wanapenda faragha yao, na siwalaumu. Ila msiseme wenyeji ndio walikataa.

Bibi wa Mkunguni alikufa 2011. Wanaume walipoinua jeneza, mie nilikuwa nimekaa kizingitini, nimejifunga kanga zake mbili, ile ya kahawia kiunoni na nyingine kichwani upande kama alivyokuwa akijifunga mwenyewe, mbuzi yake nimeilaza miguuni. Nikasema hatoki mtu. Mzaramo huyu ananidai nini, mie ndiye ninayemdai, miaka 17 namkunia nazi. Shehe akakunja uso kidogo. Vijana wakatupa mia mia. Nikasema haitoshi, nikaigiza sauti yake, "Chumvi haitolewi mlangoni!" Nikasikia wanawe wanacheka huku wanalia, na shehe akatoa mia tano akanipa mkononi, ndipo nikasogea.

Chapati naona zimeshafika, nanusa. Tangazo moja tu. Kesho baada ya adhuhuri kuna hitima ya arobaini mtaa wa pili kutoka hapa, nazi nimeambiwa ni 80. Wadada wanaotaka kuja tukutane kwangu saa sita. Njooni na kanga mbili, simu ziacheni nyumbani, na mtu asije ameshiba. Mbuzi zipo.